Duka Lililoungua Mara Nne

"Kwa uzito huu, huyu naye kajaza kurasa sita," Takemori alisema, akiipima bahasha kiganjani kama mtu anayenunua samaki. "Sita, nakuapia. Kurashige-san, huyu ni wa kopo la tatu hata kabla hujamfungua."

Hatsue Kurashige aliipokea bila kuinua macho. Mbele yake palikuwa na makopo matatu ya biskuti, ya bati, yote yameparuzika pembeni. La kwanza lilikuwa la wasomaji wanaosema wanapenda. La pili lilikuwa la wanaouliza: Dosuke ana urefu gani, alizaliwa lini, atamwoa nani. La tatu lilikuwa la wanaolalamika. Zamani kopo hilo lilikaa miezi bila kujaa. Siku hizi lilifungwa kwa mpira ili kifuniko kisiruke, na chini ya meza palikuwa na jingine la namna hiyo hiyo, nalo limefura.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya kupanga huko Nerima. Humo ndani, kwa miaka thelathini na moja, ilichorwa hadithi ya katuni iitwayo Kengele ya Dosuke, kurasa kumi na tisa kila wiki, wiki baada ya wiki, hata wiki ambazo mtu alikuwa na homa au msiba. Mwalimu Isobe ndiye aliyeitunga na kuchora watu wenye majina. Takemori alichora wasio na majina, pamoja na moshi na milipuko. Hatsue alichora vilivyobaki: milima, mapaa, madaraja, mawe na nyasi. Na kwa kuwa Mwalimu aliacha kusoma barua za wasomaji miaka sita iliyopita, Hatsue ndiye aliyezisoma zote kila Jumatatu kabla ya kushika kalamu.

"Haya, tusikie," Takemori alisema, akijimiminia chai. "Mfalme wa Kutu hafi."

"Hafi," Hatsue alijibu, akichana bahasha.

"Na Dosuke ana miaka kumi na nne tangu mimi nikiwa na nywele."

"Tangu ukiwa na nywele nyingi."

Malalamiko wote wawili waliyajua kwa moyo, na kusema kweli wasomaji hawakuwa wanasingizia. Mfalme wa Kutu alikuwa ameuawa mara nne. Kila alipofufuka alikivamia kijiji cha Dosuke, akakichoma, Dosuke akapigwa mpaka akakaribia kufa, kisha kengele yake ikapata sauti mpya na Mfalme akasambaratika. Kengele ilianza na sauti saba. Sasa ilikuwa na sauti arobaini na mbili. Na wiki iliyopita, kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, kofia ya chuma ya Mfalme iliyolala kwenye vumbi ilikuwa imeng'aa kidogo jichoni.

Hatsue alianza kusoma akiwa tayari na kidole juu ya kopo la tatu.

Mwandishi alijitambulisha kuwa ni Eikichi Tsukuda, mwenye umri wa miaka arobaini, mpishi wa chakula cha shule huko Murakami, kaskazini. Aliomba radhi kwa mwandiko wake. Kisha akaandika hivi:

"Nilianza kumsoma Dosuke nikiwa na miaka tisa, nimekaa juu ya gunia la soya dukani kwa baba. Baba alikuwa mtengenezaji wa tofu, soya iliyosagwa na kugandishwa. Ndiyo maana katika kijiji cha Dosuke sikuwa namwangalia Dosuke peke yake. Nilikuwa naliangalia duka la tofu, lile la kona karibu na daraja, lenye pazia la buluu na birika la mawe la kulowekea soya. Aliyelichora anayajua maduka ya tofu. Hata mfereji wa kumwagia maji umepita mahali pake.

"Katika juzuu ya kumi na mbili Mfalme wa Kutu alilichoma. Nililia mpaka baba akazima mashine, akaja kuniuliza nimeumia wapi. Nikamwonyesha ukurasa. Hakunicheka. Aliutazama sana, akasema, 'Masikini, na soya zote zile zilikuwa zimeshalowekwa.'

"Juzuu ya kumi na nne, duka lipo. Pazia lile lile, hata mkunjo ule ule. Nikajiambia wamejenga upya, watu wa kijiji kile ni wachapakazi. Juzuu ya hamsini na moja likaungua tena, kisha likarudi. Ya tisini na sita, hivyo hivyo. Mwezi uliopita limeungua tena, na najua wiki chache zijazo nitalikuta limesimama. Ni mara nne sasa. La kwetu lilifungwa mara moja tu, na halijarudi.

"Wenzangu mtandaoni wanakasirishwa na Mfalme. Na mimi nimekasirika, sitasema uongo. Lakini kinachoniuma ni duka. Kama linaweza kurudi bila hata kovu, basi mimi na baba tulimlilia nani siku ile?

"Nitasoma mpaka toleo la mwisho la mwaka huu, kama ninavyomsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Baada ya hapo naacha. Asanteni kwa miaka thelathini na moja. Tunzeni afya zenu, baridi inakuja."

Hatsue aliishusha barua mezani. Masikio yalimwaka. Katika miaka yote ile alikuwa amesoma maelfu ya barua. Watu walikuwa wamesifu macho ya Dosuke, viatu vya Dosuke, mbwa wa Dosuke aliyeonekana mara mbili tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika habari ya kitu alichokichora yeye. Leo wa kwanza amepatikana, na anaaga.

"Vipi?" Takemori aliuliza. "Kopo la tatu?"

"Ngoja kwanza," alisema Hatsue, na Takemori akageuka kumtazama.

Hatsue aliinama akavuta droo ya chini, akatoa faili namba saba. Ndani yake mlikuwa na duka la tofu. Mchoro wenyewe wa asili, alioufanya akiwa na miaka ishirini na sita, mwezi wake wa kwanza kazini, ulikuwa katika mfuko wa plastiki. Nyuma yake zilipangwa nakala zake, kubwa, ndogo, za kutazama kushoto, za kutazama kulia. Kijiji kilipohitajika, alitoa nakala, akaikata, akaibandika kwa gundi, akaongeza kivuli, akaendelea na milima. Wasaidizi wote wa kazi hiyo hufanya hivyo. Kurasa kumi na tisa kwa wiki hazichorwi na mtu anayechora kila kigae upya.

Lakini hiyo haikuwa sababu yote, na Hatsue alilijua hilo vizuri kuliko alivyopenda. Duka lile lilikuwapo kweli, chini ya mteremko aliokulia huko Matsue. Mama yake alimtuma pale kila asubuhi na bakuli. Miaka kumi na tisa iliyopita, aliporudi kumzika mama, alikuta pamekuwa maegesho ya magari manne. Hakusimama, alipita haraka, uso ameugeuzia upande wa pili. Asubuhi aliyorudi kazini, rasimu ya Mwalimu ilitaka kijiji, naye akatoa nakala ya duka, akaibandika, akailainisha kwa ukucha kutoka kona hadi kona, na moyo ukamtulia. Hapa bado lipo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia kila mara, kwa miaka yote: moto wa Mwalimu ni wa wiki moja, gundi yangu ni ya milele.

Sasa kuna mtu Murakami anamwambia kwamba gundi ile ilifuta msiba alioulilia na baba yake.

Kumjibu kwa barua haikuwezekana. Wasaidizi hawana majina kwa wasomaji. Wasomaji hupata kadi ya Mwaka Mpya yenye picha ya Dosuke na muhuri wa Mwalimu, basi. Hatsue alihesabu kwa vidole. Ukurasa unaochorwa wiki hii utatoka kwenye gazeti baada ya wiki tatu. Bado ulikuwa ndani ya mwaka. Tsukuda angekuwa bado anasindikiza mgeni wake.

Akaivuta rasimu ya wiki. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na kisanduku kikubwa, nusu ukurasa mzima, cha Dosuke akirudi nyumbani baada ya vita. Mwalimu alikuwa amechora maduara mawili na mstari mmoja, na pembeni ameandika kwa penseli: Kijiji. Kama kawaida.

Akairudisha faili namba saba kwenye droo, isipokuwa nakala moja.

* * *

Kuchora duka lililoungua kulimchukua Jumanne nzima. Alishangaa jinsi alivyolijua. Mkono ulipofika kwenye nguzo ya kushoto ulijua kwamba ndiyo ingebaki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa upande wa maji. Paa lilitoweka. Pazia lilitoweka. Birika la mawe lilibaki, maana jiwe haliungui, na akalijaza maji ya mvua. Akauacha mfereji mahali pake. Kisha, kwa kuwa wiki zilikuwa zimepita tangu moto, akaotesha magugu, machache, membamba, kwenye nyufa za sakafu, na kila gugu alilolichora lilimchoma. Saa nane mchana ilibidi aweke kalamu chini, akaenda kunawa uso.

Jumatano asubuhi kisanduku kilikuwa kimekamilika, lakini kilikuwa kimya mno. Akachora mwanamke wa umbo dogo kando ya kiwanja.

"Wee, wee," Takemori alisema kutoka meza ya pili. "Huyo ni mtu?"

"Ni bibi mwenye duka."

"Hana jina?"

"Hana."

"Basi ni wangu. Unaniingilia shambani kwangu, dada." Lakini alikuja na kiti chake cha magurudumu, akasukuma miwani juu, akautazama ukurasa. "Duka umelifanyaje?"

"Mimi? Umelichoma wewe. Moshi ule ulikuwa wa nani?"

"Moshi wangu huwa wa wiki moja," Takemori alisema. Kisha akachukua kalamu yake nyembamba kuliko zote. "Huyu bibi umemchora na miaka sitini. Alikuwa na sitini juzuu ya kwanza. Hebu sogea."

Akampinda mgongo. Akampunguza urefu. Hatsue akamwekea mzega begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma, zimejaa vipande vya tofu, na kutoka kwenye ndoo akapandisha mvuke mwembamba, kwa sababu asubuhi za mteremko wa Matsue alizikumbuka na mvuke.

"Mwalimu atatuua," Takemori alisema akirudi mezani kwake, na alionekana mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa miezi.

* * *

Mwalimu Isobe alitoka chumbani kwake saa tisa, taulo shingoni, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji kama siku zote. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alikagua kurasa akiwa amesimama, moja moja, kwa haraka, kama mtu anayekagua tiketi. Mhariri Mizoguchi angefika saa kumi kuzichukua. Ukurasa wa kumi na saba ulipofika mkononi mwake, haraka ile iliisha.

"Hatsue."

"Naam, Mwalimu."

"Duka liko wapi?"

"Limeungua, Mwalimu."

"Limeungua lini?"

"Mwezi uliopita. Uliliwasha mwenyewe, ukurasa wa tisa."

Takemori akapaliwa na chai.

Mwalimu alikaa taratibu. "Mwanamke wewe. Wiki ijayo Dosuke anaingia mle ndani kula tofu ya kukaanga. Kurasa nne nzima. Rasimu imeshapitishwa, Mizoguchi ameshawaonyesha wakubwa wake. Sasa mtoto ataingia wapi? Kwenye magugu?"

"Ninajua."

"Unajua! Halafu?"

Hatsue alikuwa ameiweka nakala ya duka juu ya meza, imekatwa tayari kwa saizi ile ile, na chupa ya gundi kando yake. Alizisukuma zote mbili mbele ya Mwalimu. "Ukisema nibandike, nitabandika. Ni dakika tano. Kijiji ni chako. Lakini kwanza naomba usome hii."

Mwalimu aliitazama barua kama anavyotazamwa nyoka. "Niliacha kusoma hizo."

"Hii si yako, Mwalimu. Ni yangu."

Hatsue hakuwahi kusema neno kama hilo katika chumba kile, na hata yeye mwenyewe alishtuka. Mwalimu akavaa miwani ya kusomea, akafungua kurasa sita.

Alisoma polepole. Hatsue alisikia saa ya ukutani, treni ikipita, na Takemori akijifanya anachora. Mahali fulani katika ukurasa wa tatu Mwalimu alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena, midomo ikicheza. "Na soya zote zile zilikuwa zimeshalowekwa," alisema kwa sauti ndogo. Akavua miwani.

"Huyu baba mtu," alisema, "ndiye alipaswa kuitunga hadithi hii."

Akaikunja barua, akamgeukia Hatsue.

"Mara ya kwanza nilipomuua Mfalme nililia. Unakumbuka?"

"Ulilia ukamwaga wino. Tulirudia kurasa mbili."

"Mara ya pili nilitaka kulia nikashindwa. Ya tatu nilikuwa nawaza chakula cha mchana." Akajipangusa uso kwa taulo. "Ya nne hata sikumbuki, jamani. Ni mwezi uliopita tu, na sikumbuki nilipokuwa nimekaa. Kila nikitaka kumwacha alale, gazeti linaniletea hesabu ya kadi za maoni: akirudi, kura zinapanda, akilala, zinashuka. Nikaona bora nisisome chochote. Mikono ikachora yenyewe."

Hatsue alitaka kumwambia kwamba hata mikono yake yeye ilikuwa ikibandika yenyewe, kwamba walikuwa wazee wawili kwenye mtumbwi mmoja, na kwamba alimpenda kwa miaka hiyo yote kama ndugu mkubwa mwenye hasira. Alichosema ni, "Chai yako imepoa. Nikubadilishie?"

Kengele ya mlango ikalia. Mizoguchi aliingia akivua viatu na kuinama kwa wakati mmoja, kijana wa miaka ishirini na nane ambaye naye alimsoma Dosuke shuleni. Akaziweka kurasa katika mpangilio, akizihesabu, na alipofika ya kumi na saba akaacha kuhesabu.

"Samahani, Mwalimu. Nadhani hapa pana kosa. Duka la tofu…"

"Limeungua," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, lakini huwa…" Kijana alitafuta neno la adabu. "Huwa linapona."

"Safari hii halijapona."

"Lakini rasimu ya wiki ijayo! Wakubwa wameshapitisha. Niwaambie nini?"

"Waambie msaidizi wangu kakataa."

"Nimwambie mhariri mkuu kwamba mchora nyasi kakataa?"

"Mwambie hivyo hivyo. Umuinamie sana ukimwambia." Mwalimu aliichukua nakala iliyokatwa, akaishika karibu na dirisha ili aione vizuri, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi aliitazama kama mchoro. "Ulikuwa na miaka mingapi ulipolichora hili?"

"Ishirini na sita."

"Zuri sana. Sikuwahi kukuambia." Akamrudishia nakala mikononi, kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu kitu cha marehemu. "Haya. Na wiki ijayo huyu mtoto atakula nini? Ametoka vitani, ana njaa."

Kisha Takemori, bila kugeuka, akasema, "Bibi ana ndoo mbili."

Mwalimu aliutazama ukurasa. Alimwona yule bibi wa umbo dogo aliyepinda mgongo, kando ya kiwanja. Akavuta karatasi tupu, akaomba penseli, na Mizoguchi, aliyekuwa bado amesimama na begi begani, alikaa chini sakafuni bila kuambiwa.

* * *

Baada ya hapo Hatsue alikichora kiwanja kile kila wiki kilipohitajika. Dosuke alichuchumaa pembeni mwa birika akala tofu kwa mikono, bibi akiwa anamtazama. Magugu yakakua. Majani ya mti wa jirani yakadondoka kwenye maji. Alipofika kuchora barafu juu ya birika, magugu yalikuwa yamekauka na mtu alikuwa amekwishaiba mbao zilizobaki. Hakubandika chochote. Alichelewa, mgongo ulimuuma, Takemori akamsaidia mapaa.

Wasomaji hawakusema kitu. Kopo la tatu liliendelea kujaa: Mfalme, kengele, umri wa Dosuke. Kila Jumatatu Hatsue alizipekua bahasha zote kwanza, akitafuta mwandiko mmoja, na kila Jumatatu aliona haya jinsi alivyokuwa na tumaini kubwa kwa umri wake. Toleo la mwisho la mwaka likatoka. Kutoka Murakami hapakuja neno.

"Labda hakuona," Takemori alisema.

"Aliona," Hatsue alijibu. "Mtu aliyeona mkunjo wa pazia ataona." Ndiyo maana iliuma. Alikuwa ameona, na ameondoka vilevile.

Mwaka Mpya alikwenda Matsue kwa dada yake. Walikula supu ya mochi, yale mabonge ya mchele uliotwangwa, wakatazama televisheni, wakagombana kidogo juu ya vyombo vya mama. Siku ya pili alishuka mteremko peke yake mpaka kwenye maegesho ya magari manne, na safari hii alisimama. Palikuwa na magari mawili. Kwenye kona, karibu na mfereji, kilikuwa kimebaki kipande cha kizingiti cha mawe, kimelika katikati kwa miguu ya watu. Alikaa hapo mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatatu ya tatu ya Januari Mizoguchi alileta mfuko wa barua, akainama, kisha akatoa kitu kwenye mfuko wa koti.

"Hii si ya hapa kwa kweli. Ni kadi ya maoni, huwa zinabaki ofisini kwetu kuhesabiwa. Lakini huyu hajapigia kura hadithi yoyote, ameandika tu, na wenzangu hawaelewi anasema nini. Nikaona labda wewe, Kurashige-san."

Kadi ilikuwa ndogo, ya kawaida, ile inayokuja imebanwa katikati ya gazeti na ambayo huwezi kuipata bila kulinunua. Visanduku vya kura vilikuwa vitupu. Pale penye nafasi ya maoni, kwa mwandiko alioutafuta miezi miwili, palikuwa pameandikwa:

"Ndoo ya tofu haitoi mvuke. Tofu iliyoiva hukaa kwenye maji baridi, na Januari maji hayo hukata vidole. Tena bibi yule ni mzee mno kwa ndoo mbili. Tafadhali rekebisheni wiki ijayo. Tsukuda."

Hatsue aliisoma, kisha akaipeleka kadi karibu na taa, akatafuta namba ya toleo iliyochapwa kwenye kona. Lilikuwa toleo la kwanza la mwaka mpya.

Takemori alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma juu ya bega. "Kopo la tatu hilo," alisema. "Analalamika."

"Analalamika sana," Hatsue alisema, na ilimbidi atafute leso.

Bila shaka ndoo haitoi mvuke. Mvuke ulikuwa wa sufuria ya ndani, ule uliotoka mlangoni. Maji ya ndoo yalikuwa baridi kiasi kwamba, utotoni, alirudi nyumbani akihamisha bakuli kutoka mkono huu kwenda ule, na mama alimpokea akayafuta machozi yake ya baridi kwa kona ya aproni. Alikuwa amelisahau hilo kwa miaka arobaini na tisa.

Alilifunga kopo la tatu bila kuweka kitu. Kadi akaiegemeza kwenye taa. Ukurasa wa wiki ulikuwa mbele yake, bado wa penseli: kiwanja, birika, bibi na ndoo zake mbili zinazofuka. Hatsue akachukua raba, akafuta ndoo ya nyuma pamoja na mzega, akamwachia bibi ndoo moja ya mkononi. Akafuta mvuke, akapuliza mabaki. Kisha akachovya kalamu, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaanza kuchora maji baridi.